Bata wa Saba

Gu Cailan hakuumbwa kukaa. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kutembea tangu tumboni, na miaka ishirini na sita ya kiwanda cha hariri ikamzidishia. Kutwa nzima alikwenda karai hadi karai la maji ya moto, vidole vikipapasa vifukofuko kutafuta ncha ya uzi, na akiipata hii ameshaikimbilia ile. Kiwanda kilipofungwa, mikono haikupewa habari. Iliendelea kutafuta. Alifuta meza iliyokwisha kufutwa, akakung'uta mfarishi uliokung'utwa asubuhi, akashuka ngazi za ghorofa nne kwenda kununua kitunguu kimoja, akapanda, kisha akashuka tena kufuata tangawizi. Majirani walimtania mpaka wakachoka.

"Kaa basi, Cailan! Kiti hakiumi."

"Hakiumi, kinawasha," aliwajibu, naye ameshafika uchochoroni.

Mumewe, Ruan Boqing, alikuwa kinyume chake. Mtu mrefu, mstaafu wa kiwanda cha saruji, nyumbani alitoa maneno kwa kijiko. Ndiyo. Hapana. Chumvi imezidi. Lakini kila Jumapili, kwa miaka thelathini na mmoja, alimaliza tambi zake za asubuhi, akachukua filimbi yake ya mwanzi iliyofungwa ndani ya mkono wa sweta kuukuu, akaenda kwenye nyumba ya chai karibu na daraja la mawe. Huko wazee wanane walizunguka meza moja wakapiga muziki hadi saa sita mchana. Hawakulipwa, hawakupigia mtu. Walijipigia wenyewe, na aliyetaka kusikiliza alinunua chai.

Cailan aliwaita wazee wale "paka wa daraja", na hakuwahi kukanyaga pale, mpaka Jumapili moja ya mvua alipompelekea mumewe mwavuli. Alichungulia dirishani kwanza. Akamwona Boqing anacheka. Si kutabasamu, kucheka hasa, kichwa nyuma, mdomo wazi, jino lake la dhahabu linamweka. Jino lile Cailan alikuwa ameliona vizuri mara moja tu, siku daktari alipolitia.

Aliutundika mwavuli mlangoni akarudi zake na mvua yote mgongoni. Wivu ulimshika, tena wivu wa ajabu, maana hakukuwa na mwanamke pale. Kulikuwa na wazee na birika. Ukimshika mumeo na mwanamke utajua la kumwambia, lakini ukimshika na furaha utamwambia nini? Alichotaka Cailan tangu siku ile ni kitu kimoja: kukaa pale ambapo mume wake hucheka.

Kwa hiyo alikwenda kwa Mzee Pu, mpiga udi wa meza ile, mjane wa miaka themanini na mmoja aliyekaa juu ya duka la tambi.

"Nifundishe udi," alimwambia kabla hajakaribishwa.

Mzee alimtazama kuanzia viatu. "Miaka hamsini na saba, na makalio yasiyojua kigoda? Nenda kacheze ngoma uwanjani na akina mama wenzako, binti yangu."

"Vizuri. Hivyo ndivyo nitakavyomwambia mume wangu."

Na ndivyo alivyomwambia. Akanunua hata viatu vya kuchezea, vyekundu, na kila Jumanne na Ijumaa akatoka navyo mkononi. Boqing alivitazama viatu, akasema, "Ndiyo," akarudi kwenye gazeti lake.

Udi wa kwao haulazwi. Unasimamishwa wima mapajani, shingo ikipita sikioni, na mpigaji hubandika kucha tano za bandia kwa plasta. Kucha zile zilimtesa Cailan kuliko nyuzi. Alizisahau vidoleni akaenda nazo sokoni. Siku moja kucha moja ilichomoka ikaangukia kwenye unga wa maandazi, na Boqing akaitafuna. "Ganda la kamba," Cailan alimwambia bila kupepesa. Boqing aliiweka pembeni mwa sahani, akaendelea kula.

Mzee Pu hakufundisha kwa karatasi. Aliimba kwa mdomo, Cailan akafuata kwa vidole. Akamfundisha wimbo mmoja tu, ule ambao kila mtoto wa mifereji ile ameusikia kwenye harusi: Bata Saba Wavuka Mfereji. Una beti saba, kila bata na wake.

"Kwanza mifupa," mzee alisema. "Sauti zile chache ambazo wote wanazijua. Halafu maua. Maua kila mtu anatia ya kwake. Mwenzako akijaza, wewe punguza. Akipunguza, jaza wewe. Huo ndio muziki wetu, wala hakuna siri nyingine."

Mifupa Cailan aliipata mwezi mmoja. Vidole vilivyozoea kushika uzi usioonekana ndani ya maji yanayochemka havikushindwa na nyuzi nne. Tatizo lilikuwa mwendo.

"Cailan, bata wako wanafukuzwa na mbwa?"

"Wana njaa, Mzee. Wanawahi nyumbani."

"Waambie chakula bado. Tena, kuanzia wa kwanza."

Na tatizo la matatizo lilikuwa bata wa saba. Pale pana mfupa mmoja tu, sauti moja ndefu. Mzee Pu alitaka aitiririshe: vidole vyote vitano vifuatane juu ya uzi mmoja, tena na tena, mpaka sauti isijulikane ilipoanza wala itakapokwisha. Akataka mapigo kumi na mawili. Cailan alikuwa amewasikiliza wapigaji wengine kwenye simu yake, na wote walikaa mapigo manne, kisha wakaendelea.

"Wao ni wao," mzee alisema. "Kwenye meza yetu bata wa saba huchelewa. Msubiri."

"Anachelewa kwa nini?"

"Bata muulize mwenyewe."

Hapo Cailan aliwashwa mwili mzima. Kufika pigo la tano, goti lilianza kutikisika. La saba, alihisi maziwa yanafurika jikoni, na hakuwa na maziwa jikoni. Ilimchukua mwaka mzima kufika kumi na mawili, na kila mara aliyafika kwa hasira.

Mwaka wa pili, joto lilipoanza kupungua, Mzee Pu alimwambia kwamba binti yake anamchukua Dalian, kule kaskazini kwenye baridi, mara tu baada ya sikukuu ya mwezi mpevu. "Huko nyumba zina mabomba ya kupasha joto. Mifupa yangu imekubali, mimi bado." Kiti cha udi kingebaki wazi. Mwalimu Kuai, mpiga zeze mwenye ulimi wa wembe, alikuwa ameshamtaja mkwewe, mwanamke kijana aliyesoma chuo cha muziki.

Desturi ya meza ile ilikuwa hivi. Kila mpigaji ana kikombe chake kwenye rafu ya nyumba ya chai. Mgeni huja Jumapili tatu na kikombe kitupu. Ya tatu, wimbo ukiisha, mmoja wa mezani akimmiminia chai, kikombe kinapanda rafuni na kiti ni chake. Asipomiminiwa, anafunga ala yake kimya na kwenda kunywa kwake, wala hakuna atakayesema neno baya. Mzee Pu alitaka Cailan ajaribu.

Jumapili ya kwanza aliingia na udi begani na kikombe mfukoni. Boqing alikuwa akilowesha midomo.

"Wewe si uko kwenye ngoma?"

"Hii ndiyo ngoma yenyewe."

Meza ikaangua kicheko. "Ruan, mkeo amekufuata hadi msikitini!" alisema Mwalimu Kuai, ambaye jirani yake alikuwa Mwislamu wa kuuza mkate wa ufuta. "Leo utatubu." Boqing hakucheka. Aliyakazia macho matundu ya filimbi.

Walianza. Bata wa kwanza akavuka, wa pili akavuka, na Cailan akaona kumbe anaweza. Vidole vilikuwa vikisikia pengo na kulijaza vyenyewe. Alifurahi mno, na hapo ndipo palipoharibika. Bata wa saba alipofika, na wazee wote wanamtazama, muwasho ukampanda. Mapigo manne, akaona yanatosha, kama wale wa kwenye simu. Akaiacha sauti ndefu, akaruka mbele na ua zuri alilolitunga mwenyewe.

Filimbi ya Boqing ikabaki peke yake hewani. Ikatetema, ikapasuka kama mlango mkavu, ikazimika. Boqing akakohoa, akakohoa tena.

"Lo! Bata amekanyagwa!" Kuai alisema, na wasikilizaji wakacheka na mbegu za alizeti mdomoni. Boqing aliiva uso hadi masikioni. Aliirudisha filimbi ndani ya mkono wa sweta, akaondoka bila kuaga. Mzee Pu, aliyekuwa amekaa pembeni kusikiliza, alimtazama Cailan tu.

Cailan alifika nyumbani akiwa anachemka. Alikuwa na hakika kwamba ule ulikuwa mpango. Mtu aliyepuliza filimbi miaka thelathini na mmoja anapasuka vipi siku hiyo hiyo aliyokuja mkewe?

"Umeniharibia makusudi," alimwambia.

"Mimi nimekuharibia wewe?"

"Hutaki nikae pale. Unataka uwe na pa kuchekea na mimi niwe na pa kufutia meza!"

Boqing alivaa viatu. "Usije tena," alisema, akashuka kwenda kununua sigara, na sigara alikuwa ameacha miaka miwili nyuma. Cailan alimchungulia kutoka juu. Wakati wa kurudi, mkono wake mtupu, Boqing alisimama pale ngazi inapogeuka, ghorofa ya tatu, ameshika reli, mgongo unapanda na kushuka. Anapoza hasira, Cailan alifikiri. Na ipoe.

Jumapili ya pili Boqing hakwenda. Alisema ana mafua. Cailan alikwenda peke yake kwa ubishi tu, akapiga; mkwe wa Kuai naye akapiga, safi, bila kosa. Lakini meza bila filimbi ilikuwa uji bila mchele. Wazee walitazama kiti kitupu, wakamaliza mapema. Hakuna aliyetania. Njiani kurudi Cailan alielewa alichokifanya: alitaka kukaa pale mumewe anapocheka, sasa amemfukuza hapo. Aliona haya, akalia darajani waziwazi, huku akitembea, maana hata kulia hakujua kukaa akalia.

Akapanda moja kwa moja kwa Mzee Pu. Mzee alikuwa akifunga masanduku.

"Nilikwambia bata wa saba huchelewa," alisema, bila kumpa nafasi ya kulalamika.

"Umeniambia mara mia, hujaniambia kwa nini!"

Mzee alikaa juu ya sanduku. "Aliniapisha. Lakini mimi naondoka, na kiapo sitakibeba mpaka Dalian, kizito. Pumzi yake haifiki, Cailan. Vumbi la saruji liko mapafuni. Ni miaka miwili sasa tangu nimpeleke hospitali. Dawa zake zimo mle ndani ya mkono wa sweta, chini ya filimbi. Akifika bata wa saba hewa imekwisha, basi mimi natiririsha, yeye anashusha filimbi kidogo, anavuta pumzi, anarudi. Watu wanadhani ni ua."

Cailan alisimama. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. "Alikwenda na wewe," alisema. "Hospitali. Alikwenda na wewe, si na mimi."

"Alisema ukijua utamfungia ndani na kumnywesha supu ya peari ya kutibu kikohozi mpaka afe kwa utamu."

Lilikuwa neno la kuchekesha na lilimuuma vibaya, kwa sababu lilikuwa kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, Cailan aliyajua hayo. Hata hivyo alijua pia ni nani aliyefanya nyumba isiwe na mahali pa mtu kupumulia. Miguu yake ilitaka kukimbia saa ile ile, imkamate Boqing kwa ukosi, impakie gari la Wuxi kwa daktari mkubwa.

"Daktari anaye," Mzee Pu alisema, kana kwamba amemsoma miguu. "Ukimtoa mezani, umemzika mzima. Ukimwambia kwamba unajua, atajitoa mwenyewe. Umekuja kwangu kujifunza kuharakisha? Hilo ulikuwa nalo."

Wiki ile Cailan alitiririsha juu ya kila kitu: kifuniko cha sufuria, goti, ukingo wa karai, gunia la mchele. Hakupika supu ya peari, na hilo lilimgharimu kuliko yote. Kila Boqing alipotoka sokoni, Cailan alisimama nyuma ya mlango akahesabu nyayo zake. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Hapo vidole vyake vikaanza juu ya ubao wa mlango, na akahesabu mapigo mpaka nyayo zilipoanza tena. Siku ya kwanza kumi na manne. Siku ya pili kumi na manne. Siku ya nne kumi na matano. Kumi na mawili ya Mzee Pu yalikuwa yamepitwa na wakati.

Ijumaa asubuhi alikaa jikoni na udi wake, mlango wazi, akapiga wimbo mzima. Kwenye bata wa saba akatiririsha, akatiririsha, mpaka maji ya chai yakachemka na kufoka, naye asinyanyuke.

Boqing alitokea mlangoni na gazeti. Alizima jiko.

"Umekosea," alisema. "Pale ni kumi na mawili."

"Mimi kuhesabu sijui. Nangoja bata afike, ndipo naondoka."

"Tangu lini wewe unangoja?"

"Tangu juzi."

Boqing alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mwaka ule wote. Cailan alikaza macho kwenye plasta ya kidole gumba, kana kwamba hajapata kuona plasta. Mwishowe mumewe alisema, "Jumapili vaa koti. Kile kiti cha udi kina upepo wa dirisha."

Jumapili ya tatu nyumba ya chai ilijaa. Ilikuwa ya mwisho kwa Mzee Pu, na keki za sikukuu ya mwezi zilikuwa zimekatwa robo robo mezani. Mkwe wa Kuai alipiga kwanza, akapigiwa makofi. Kisha Cailan akakaa, koti mwilini, kikombe kitupu mbele yake.

Bata wa kwanza. Wa pili. Aliwaacha watembee. Filimbi ilipojaza yeye alipunguza, ilipopunguza alijaza, na alishangaa kuona namna walivyopishana bila kugongana, wao ambao jikoni hawakuwahi kupishana bila mmoja kukanyagwa. Bata wa sita akavuka. Akafika wa saba.

Akatiririsha. Kwenye pigo la nne filimbi bado ilikuwa naye, ikififia. La sita ikashuka kutoka midomoni mwa Boqing, kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza ua. Cailan hakumtazama. Pigo la nane kucha ya kidole cha pete ikaanza kulegea. La kumi goti likataka kutikisika, akalibana na lingine. La kumi na mawili Mwalimu Kuai aliinua upinde akidhani wanaendelea, akaona hawaendelei, akaushusha. Mkono ulimwaka mpaka kiwiko. Alisikia mwili mzima ukimwambia nenda, nenda, nenda, na kwa mara ya kwanza maishani aliusikia, akaukatalia. La kumi na matano. Bado. La kumi na sita, na filimbi ikarudi, safi, nyembamba, ikambeba bata wa saba hadi ng'ambo.

Watu waligonga vikombe mezani. Mwalimu Kuai alisugua kidevu. Alikuwa na ulimi mbaya, lakini masikio hakuwa na kasoro, na macho vilevile. Alimtazama Boqing, akamtazama Cailan, akamtazama Mzee Pu aliyekuwa akitazama dari.

"Hilo ua refu umelitoa wapi?"

"Nyumbani," alisema Cailan.

"Hmm. Mkwe wangu anakushinda kwa kila kitu, ujue."

"Najua, Mwalimu."

"Basi usivimbe kichwa." Akashika birika mwenyewe, akammiminia mpaka ukingoni. "Kunywa, mama wa ngoma. Itapoa."

Waliondoka pamoja, mara ya kwanza, yeye na udi wake, Boqing na mkono wake wa sweta. Walipita darajani, wakapita uchochoroni. Walianza kupanda ngazi. Pale ngazi inapogeuka, ghorofa ya tatu, Boqing aliinama.

"Nafunga kiatu," alisema.

Alikuwa amevaa viatu vya kitambaa visivyo na kamba. Cailan alivitazama. Maneno yote ya miaka miwili yalimjaa kinywani, ya hospitali, ya daktari mkubwa wa Wuxi, ya peari. Aliuegemeza udi ukutani, akakaa. Yeye, Gu Cailan, alikaa chini kwenye ngazi ya saruji, akaweka mkono juu ya reli, na vidole vitano vikaanza kufuatana juu ya chuma, taratibu, bila kwenda popote.

Boqing aliisikia reli ikitetema chini ya kiganja chake. Alibaki ameinama, mgongo ukipanda na kushuka. Kisha akakaa kando yake.

"Kumi na saba," alisema alipopata pumzi.

"Mimi nimehesabu kumi na sita."

"Umehesabu mbio. Kama kawaida yako."

Akacheka, kichwa nyuma, na jino la dhahabu likaonekana, hapo hapo ngazini, na hapakuwa na wazee wala birika. Kicheko kikageuka kikohozi, kikawa kirefu. Cailan hakunyanyuka. Vidole vyake viliendelea juu ya reli mpaka kikohozi kikaisha, na baada ya hapo viliendelea kidogo tena.